Miaka Mitano ya Victorine

Barua ilikuwa mezani kwangu tangu Jumatatu, na hadi Alhamisi sikuwa nimeitia sahihi. Shemeji yangu Victorine aliileta mwenyewe kwa tramu, kutoka kwake Berchem hadi kwangu Schaerbeek, mitaa miwili ya jiji letu la huku Ulaya, ndani ya bahasha mpya. Ilisema kwamba mimi, Kyungu, mume wa marehemu Rolande, nathibitisha kuwa Victorine, dada wa marehemu, ndiye aliyemtunza mgonjwa nyumbani kwangu tangu mwaka 1990 hadi alipofariki mwaka 1995. Karatasi za zamani zilikuwa zimepotea kwa mwajiri wake. Ofisi ya pensheni iliitaka barua hii ifike kabla ya Ijumaa kuisha. Bila barua, miaka hiyo mitano ingefutwa kwenye pensheni yake.

Kifaransa chake kilikuwa na makosa mawili. Niliyasahihisha kwa penseli, maana sikusoma masomo ya jioni miaka sita ili niache makosa yapite mbele ya macho yangu. Lakini sahihi sikuweka.

Nieleze mambo yalivyokuwa. Rolande alipopooza upande mmoja, mimi nilikuwa bawabu katika jengo la ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman. Ilibidi mtu abaki nyumbani. Kwa watu wetu wa Uvira, kule nyumbani, angalau wale niliokua nao, mwanamume hamwogeshi mgonjwa wa kike, hata akiwa mke wake. Ni kazi ya dada zake, na mwanamume anayeifanya huchekwa hadi watoto wake wachekwe. Basi nilipanga. Victorine, aliyekuwa mpishi wa shule, aliomba ile likizo ndefu ya kubaki na ndugu mgonjwa, ambayo miaka yake huhesabiwa kana kwamba mtu yuko kazini. Barua ya kusema kwamba yeye ndiye mtunzaji niliiandika mimi. Mwezi wa pili wa likizo hiyo, kwa sababu nitakayoieleza, nami nikaacha kazi, na kwa mkuu wangu nikaandika kwamba nakwenda kuendelea na masomo. Alinipa mkono, akanitakia mafanikio.

Victorine alianza kwa moyo mzuri. Lakini Rolande alikuwa mwanamke mzito, na mwezi wa pili mgongo wa Victorine ulikataa. Kuanzia hapo alikuja Jumanne na Jumamosi. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, akamsuka dada yake nywele, wakacheka mpaka sauti ikafika kwenye ngazi. Siku zote saba, kabla ya kupambazuka, mimi nilipasha maji, nikamwinua Rolande, nikamwogesha, nikabadilisha mashuka. Mashuka niliyaanika chumbani ili wageni wasiyaone. Wageni, hasa wanawake wa kanisa, wakija, walinikuta sebuleni na kamusi imefunguliwa magotini. Niliwaambia Victorine ametoka sasa hivi.

Siku ya kuondoa matanga wanawake wa kanisa walimvalisha Victorine kitenge kipya, cha buluu chenye ndege, wakamwimbia kama mtu aliyembeba dada yake mgongoni miaka mitano. Mimi nilipiga makofi. Tangu siku ile, kila Jumapili nikikiona kitenge kile benchi la mbele, siisikii misa. Na sasa, miaka miwili baadaye, yeye angepata pensheni kamili. Yangu ina shimo la miaka mitano, na shimo hilo lina mwandiko wangu.

Alhamisi mchana alirudi. Alikuwa amevaa kitenge kilekile.

"Shemeji, kalamu imekauka?" aliniuliza kabla hajaketi.

Nilimjibu kwamba kalamu ni nzima, ila barua ina uongo.

"Uongo uliutunga weye," alisema. "Mimi niliusoma tu."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nilizidi kukasirika. Nilimwambia sharti nililolitayarisha kwa siku tatu: nitatia sahihi, lakini Jumapili baada ya misa asimame mbele ya wanawake wote aseme ni nani aliyemwogesha Rolande. Nilidhani atalia, au atanitukana. Aliweka mkoba wake chini, akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia.

"Papa Kyungu, wale bamama banajua. Banajua tangu mwaka wa kwanza."

Nilimwuliza ni nani aliyewaambia, nikiwa na hakika ni yeye.

"Rolande mwenyewe. Ukienda kupika chai, anaanza kubanong'oneza: 'Bwana yangu ananiogesha, anapima maji na kiwiko kama ya mutoto. Nani kati yenu bwana yake anafanya vile?' Lucienne wa pale kanisani alikuwa anarudi kwake, siku mbili hamusemeshi bwana yake."

"Na wimbo? Na hicho kitenge?"

"Bon, weye ndiye ulikuwa wa kwanza kupiga makofi. Tungefanya nini?"

Nilimwuliza kwa nini katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenidokeza.

"Alitukataza," Victorine alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alisema, mukimwambia, ataacha."

Nilitaka kusema kwamba nisingeacha. Nilifungua kinywa, nikajikuta sina hakika, na mbele ya Victorine sikutaka kusema jambo nisilo na hakika nalo.

Nilimpa chai, nikaomba anisubiri. Nilichukua karatasi safi nikainakili barua yote upya, bila yale makosa mawili, kwa sababu karatasi yenye jina la Kyungu haiendi ofisini ikiwa na makosa. Nikatia sahihi. Alinishukuru, akaosha kikombe chake, akaondoka na bahasha kwapani.

Kutoka dirishani nilimwona akisubiri tramu. Miaka yangu mitano alikuwa nayo kwapani, na bado nilimwonea wivu. Lakini sasa niliwaonea zaidi wale wanawake wengine, Lucienne na wenzake. Wao walimsikia Rolande akinisifu, kwa maneno yake mwenyewe, wiki baada ya wiki. Mimi nilikuwa jikoni, hatua nne tu kutoka kitandani kwake, nasubiri maji yachemke.