Alama Hamsini za Taa

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, Mwalimu Zipora hakuwa na raha. Mara dirishani, mara mezani, mara anapanga upya ndoo zilizokwisha kupangwa. Jedwali la vigezo vya alama alilitunga mwenyewe, tena kwa hasira, maana mwaka uliopita chuo chao pale Ihumwa kiliaibika: kazi ile ile, mwalimu huyu anatoa themanini, yule thelathini. "Safari hii hakuna alama za sura!" aliapa. Kila mwanafunzi aunde kifaa cha kumjulisha mwenye nyumba kwamba simtanki la maji limejaa; kwenye mtihani ndoo zingesimama badala ya tanki. Akaandika: taa iwake, alama hamsini. Kufaulu ni sitini kati ya mia. Walimu wenzake wakampigia makofi, jedwali likabandikwa ukutani.

Loo, makofi! Nathanaeli, kijana aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri, haoni kabisa, na hakuna aliyekumbuka kumsomea karatasi ya ukutani. Kifaa chake hakina taa, kina kengele. Zipora aliligundua hilo alfajiri hiyo, akikoroga uji, na ule uji haukunyweka. Kijana angefeli kwa kosa la mwalimu wake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Mpachikie kataa kadogo, yaishe," alinong'ona Mwalimu Shaaban, msahihishaji mwenzake. "Mbona unajitesa, dada?"

Zipora akachukua kitaa kwenye droo, akamwendea Nathanaeli.

"Shikamoo, mwalimu," kijana alisema, akiutambua mwendo wake.

"Marahaba. Lete kifaa chako nikiongezee taa."

"Ya nini? Wakiniuliza nimeiungaje, nitajibu nini?"

Zipora aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akakirudisha kitaa mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, Mama Matonya, kabla ujasiri haujamtoka.

"Jedwali nimelikosea, mama. Nilipima taa badala ya kupima kazi."

"Leo ndiyo unaniambia?" Mama Matonya alivua miwani. "Haya. Lakini ukibadilisha kwa mmoja, umebadilisha kwa wote."

"Kwa wote," Zipora alijibu upesi, asije akaghairi. Akaukata ule mstari, akaandika: kifaa kitoe taarifa ndoo ikijaa, kiache ikiwa tupu. Akawasomea wanafunzi wote kwa sauti.

Wakaanza na Nathanaeli. Ndoo ikajaa, kengele ikalia. Ikamwagwa, kengele ikanyamaza kimya. Hamsini zote! Zipora akashusha pumzi, akataka hata kupiga kigelegele.

Meza iliyofuata ilikuwa ya Erica, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ananyonya. Kifaa chake kilikuwa kimepakwa rangi, nyaya zimenyooka, wenzake wote wanakionea wivu. Shaaban akajaza ndoo. Taa ikawaka, nzuri kweli. Akaimwaga ndoo yote.

Taa ikaendelea kuwaka.

Shaaban akaigongagonga kwa kidole, akasubiri, akaigonga tena. Hakutaka kumtazama Zipora. Erica ndiye aliyemtazama.

"Mama," alisema taratibu, "si wewe uliyesema iwake?"

Zipora akaishika kalamu. Kisha akaandika sifuri.