Kibovu kwa Kizima

Kikombe kilikuwa juu ya kaunta, kati yetu, na mimi nilikuwa nimekwisha kutamka neno.

"Hiki kimepigwa tupa, mama."

Yule mwanamke hakupandisha sauti. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa utulivu wa mtu anayeuliza saa, "Kimepigwa na nani, mwanangu?"

"Na aliyekileta."

Watu watatu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake walisogea kusikiliza.

Kwa asiyezijua pampu za mkono, kikombe ni mpira mweusi unaoenea kiganjani, wenye umbo la kikombe kilichokatwa kitako. Huvalishwa pistoni chini kabisa ya kisima, mita arobaini chini ya miguu ya anayesukuma mpini. Kikiwa kizima, hupanda na maji juu yake. Kikichakaa, maji huponyoka njiani, na mtu anaweza kusukuma mpaka ndoo ijae jasho kabla ya maji. Ni kipuri kidogo kuliko vyote vilivyokuwa kwenye stoo yangu, na ndicho kilichoombwa kuliko vyote.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mtunza stoo wa vipuri vya visima sitini na vinne. Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma upande wa kushoto na droo za mbao upande wa kulia. Aliyenitangulia alikuwa mtu mkarimu; kila aliyeomba kikombe alipewa, na mafundi viatu wa sokoni wakagundua kwamba mpira ule unatoa visigino visivyokwisha. Nilipokabidhiwa funguo, nusu ya mji ilikuwa ikitembea juu ya vikombe vyetu na visima kumi na tisa vilikuwa vimekauka. Nikaweka sheria moja: kibovu kwa kizima. Ulete kilichochakaa ndipo upewe kipya. Kila kibovu nilikifunga kadi kwa uzi, nikaandika namba ya kisima, tarehe, na sababu ya kuchakaa, kisha nikakihifadhi kwenye droo ya kisima chake. Mwaka ulipoisha, visima vyote vilikuwa vinatoa maji, nami nikawa na jina jipya mjini: Bwana Kibovu.

Jina hilo halikuniudhi. Sheria ilifanya kazi, nami niliipeleka hata nyumbani. Binti yangu hakupata viatu vipya kabla sijavikagua vya zamani, na kwenye soli niliweza kusoma kwamba anaburuta mguu wa kushoto akitoka shule. Mke wangu alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitamzuia malaika mlangoni mpaka aonyeshe mbawa zilizochakaa. Nilicheka pamoja naye. Niliamini kwamba kitu kilichochakaa hakisemi uongo, na kwamba mimi najua kukisoma.

Mwanamke aliyesimama mbele yangu alikuwa msimamizi wa pampu ya kisima namba thelathini na moja. Kwao walimwita Mama Spana, kwa sababu spana ya pampu aliivaa kiunoni hata akienda harusini. Kutoka kwao mpaka kwangu ni siku mbili kwa miguu. Visima vingine vilikula kikombe kimoja kwa mwaka. Cha kwake kilikula kimoja kila baada ya miezi minne. Hiki kilikuwa cha nane. Ukingo wake ulikuwa umekwaruzwa kotekote, na mikwaruzo mipya bado inang'aa. Hesabu niliyoifanya kichwani ilikuwa fupi: kikombe kizima kinakwaruzwa kwa tupa ili kionekane kibovu, kinaletwa, kinatoka kizima kingine, na fundi viatu anapata kisigino.

Alisema kisima chao kina mchanga. Nikamjibu kwamba kila anayeharibu husingizia mchanga. Aliomba arudishiwe kikombe chake basi, maana hata kibovu kile kilikuwa kikiwapa ndoo mbili tatu asubuhi. Nikamwambia hicho sasa ni ushahidi. Nikakifunga kadi mbele yake, na kwenye mstari wa sababu nikaandika neno moja: tupa. Kisha nikaketi, nikaiandikia kamati ya maji ya kijiji chake barua ya mistari sita, nikapiga muhuri. Gamu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo bahasha haikufungwa. Nikampa aibebe yeye mwenyewe, kwani hakukuwa na njia ya haraka zaidi.

"Niwapelekee mimi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akaitia kifuani, akafunga vizuri kitambaa kitupu kilichokuwa kimebeba kikombe, akasema nibaki salama. Nikamwita aliyefuata.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu, nikitarajia sifa. Alikuwa akishona kifungo cha sare ya binti yetu, na hakuinua macho. Aliuliza ni mtu gani atembee siku mbili kuja na siku mbili kurudi kwa ajili ya kisigino kimoja. Nikasema watu wanafanya makubwa kuliko hayo. Akakata uzi kwa meno.

"Ulimwuliza yeye, mume wangu, au ulikiuliza kikombe tu?"

Nikasema kikombe kinatosha.

Siku ya kumi na mbili alikuja mwanamume nisiyemjua, shemeji wa mwenyekiti wa kamati, na spana ya Mama Spana kwenye mfuko. Alikuwa msimamizi mpya. Aliniletea barua ya kamati: wanaishukuru ofisi kwa kuwafumbua macho, mwanamke yule ameondolewa, wanaomba kikombe, kwani kijiji kinachota kwenye bwawa la ng'ombe na watoto wanne wanaharisha. Chini kabisa waliongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba barua yangu aliikabidhi mwenyewe mbele ya kikao, ikiwa wazi, na alipoulizwa kama ameisoma alisema ameisoma njiani, mara mbili.

Niliusoma mstari ule nami mara mbili. Mwizi aliyepewa hati ya kumshtaki, bahasha wazi, siku mbili za njia na madaraja matatu juu ya maji, huitupa. Sikuwa nimemwonea huruma. Ilikuwa ni kitu kisichoingia kwenye hesabu yangu, na hesabu isiyoingiza kila kitu ni hesabu mbovu.

Nikamwomba yule shemeji angoje. Nikavuta droo ya thelathini na moja, nikavimwaga vikombe vyote vinane mezani, chini ya dirisha. Kisha nikachukua kikombe kipya, nikakibana kwenye jiliwa, nikakipiga tupa kwa mikono yangu mwenyewe. Nikatoa kioo cha kukuzia.

Kazi yote ilichukua dakika ishirini. Mikwaruzo ya tupa ilikatana huku na huku, kwa sababu mkono wa mtu hauendi njia moja. Ile ya vikombe vinane ilishuka wima, sambamba, kutoka juu hadi chini, kuzunguka ukingo mzima bila hata mmoja kukatisha mwingine. Hakuna mkono unaokwaruza hivyo. Hukwaruza hivyo pistoni inayopanda na kushuka ndani ya mchanga. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimekaa miaka miwili na miezi minne kwenye droo ile, kimefungwa uzi, na kadi yake kwa mwandiko wangu ilisema: matumizi. Ukweli ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kiti changu. Mimi, niliyejua mguu unaoburutwa kwa kutazama soli, sikuwa nimeutazama.

Sikumpa yule bwana kikombe. Nilifunga stoo saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaenda na yule bwana kumtafuta dereva wa gari la idara. Alipoona nimebeba jiliwa, minyororo na vikombe, akauliza kama Bwana Kibovu amehamia upande wa wazima. Nilimwambia aendeshe.

Tulifika alasiri. Watu walikusanyika kwenye pampu, na nilipowaambia wamwite Mama Spana, mtu akatumwa. Alikuja na ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia kando, kama mtu aliyekuja kutazama mchezo wa wengine. Tuliling'oa bomba kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho kilipotoka, nilikiinamisha juu ya karai, na mchanga mwembamba ukamiminika kama unga wa kinu.

Nilisema niliyopaswa kusema, nikiwa nimesimama, na kamati ikisikiliza. Kwamba kikombe hakikupigwa tupa. Kwamba mchanga ulikuwa ukisema kupitia vikombe vinane, na mtunza stoo ndiye aliyekosa kuusoma. Kwamba barua ya kwanza ni batili, na hii hapa ya pili ina muhuri uleule. Mwenyekiti alikohoa. Shemeji yake aliitoa spana mfukoni mwenyewe, nadhani kwa furaha, maana tangu akabidhiwe alikuwa hajajua inashikwaje.

Mama Spana hakuipokea mara moja.

"Watoto wanne," alisema, akinitazama mimi. "Mmoja ni mjukuu wangu."

"Nimesikia, mama."

"Basi umesikia."

Watoto wote wanne walipona. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu kunanipunguzia kitu.

Akaichukua spana, akainuka, na kutoka hapo yeye ndiye aliyetuongoza. Ni yeye aliyesema kwamba mchanga hukaa kitakoni, na kwamba miaka yote alitaka pampu inyanyuliwe lakini bomba si lake kulikata. Tukapunguza kipande kimoja cha bomba na ufito mmoja wa chuma unaoshika pistoni, pistoni ikakaa mita tatu juu ya pale ilipokuwa. Tukavalisha kikombe kipya. Alisukuma mpini mwenyewe, mara kumi na nne bila kitu, na mara ya kumi na tano maji yakaja.

Kabla ya kupanda gari nilimpa kikombe cha pili, kizima, akiba. Alikipima kiganjani.

"Na kibovu chake?"

"Utaleta kitakapochakaa."

"Sheria yako imevunjika, mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona pengo la jino lake.

Miezi minne ilipita, sikumwona. Minane ikapita. Binti yangu alimaliza jozi nyingine ya viatu, na safari hii nilimwuliza kabla ya kuvigeuza. Alisema mkoba wake ni mzito, anaubeba upande mmoja. Kwenye kadi ya kikombe cha nane sikufuta neno nililoliandika. Nililikata mstari mmoja ili lisomeke, na chini yake nikaandika: mchanga, kosa la mtunza stoo.

Mwezi wa kumi na tatu dereva alirudi kutoka upande ule, akaweka juu ya kaunta kitambaa kilichofungwa fundo.

"Mzigo wako kutoka thelathini na moja. Amesema wamekwisha kukivalisha kile cha akiba, na hiki ni kibovu cha deni lako. Tena amesema nikwambie, hiki hakukipiga tupa."

Alicheka peke yake mpaka akatoka mlangoni. Nilifungua fundo, nikakipeleka kikombe dirishani. Ukingo wake ulikuwa umelika sawasawa pande zote, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Hata hivyo nilitoa kioo cha kukuzia, nikakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikachukua kadi na uzi, na kwenye mstari wa sababu nikaandika: uzee.