Daftari la Kujizuia

Fundi cherehani alikuwa na jambo moja tu alilotaka kulisikia kwa daktari: kwamba unene wa binti yake haukuanzia jikoni kwake. Kwa hiyo daktari alipogusa paji la uso wake mwenyewe na kusema kuwa nyuma ya hapo ndipo zilipo breki za mtu, na kwamba kwa baadhi ya watoto wanene breki hizo hukawia kushika, fundi alishusha pumzi. Kumbe ni ubongo. Nani wa kulaumiwa kwa ubongo? Daktari akaongeza kuwa bado haijulikani vizuri kipi hutangulia, unene au breki, lakini hilo fundi hakulisikia. Masikio yake yalikuwa yameshashiba.

"Mnunulie daftari," daktari alisema. "Kila akitamani kitu akajizuia, aandike. Mrudi baada ya mwezi."

Binti alikuwa na miaka tisa, na jina lake la nyumbani lilikuwa Pipa. Fundi mwenyewe, mama yake, ndiye aliyempa, siku alipofumua mishono ya sare yake ya shule kwa mara ya pili, nalo likaenea mtaani kuliko umbea. Lilikuwa jina la mapenzi, kila mtu alijua. Hata wateja waliokuja kupimwa magauni waliuliza kwanza, "Pipa hajambo?"

Mwezi ule sukari ilifungiwa kabatini, na ufunguo mama akauvaa shingoni pamoja na futikamba yake. Baba alihubiri nidhamu huku akimalizia sahani ya pili. Mama naye, kwa kuwa chakula hakitupwi, alikula vilivyobaki vya mtoto ili mtoto asivile. Gauni lake la kutokea lilipoanza kumbana, alisema vitambaa vya siku hizi husinyaa vikifuliwa. Nyani haoni kundule.

Siku ya kurudi, binti alipimwa uzito, kisha akaambiwa asubiri nje kwenye benchi. Daktari alifungua daftari akasoma kwa sauti, mbele ya mama.

"'Jumatatu. Nilitaka mkate. Nikajizuia. Baba hakujizuia.'" Daktari alicheka. "'Jumanne. Nilitaka kumwambia Mama kitambaa hakijasinyaa. Nikajizuia.'"

Fundi alicheka pia, ila jasho lilianza kumtoka.

"'Alhamisi. Mama alimwambia mteja futikamba haimtoshi Pipa wake. Wakacheka. Nilitaka kulia. Nikajizuia. Ijumaa. Mama aliniita Pipa getini shuleni, wenzangu wakasikia. Nilitaka kulia. Nikajizuia.'"

Daktari aliacha kusoma kwa sauti. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akamsogezea fundi daftari ajionee. Kufikia wiki ya pili mkate ulikuwa umetoweka kabisa. Kilichobaki ni kulia, mstari kwa mstari, kwa mwandiko ule ule mzuri wa mtoto aliyejikaza kisabuni mwezi mzima.

"Ni utani tu, daktari," fundi alisema. "Tunampenda."

"Najua. Lakini breki zake nimeziona, hazina ubovu." Daktari alifunga daftari taratibu. "Mwite aingie."

Fundi alifungua mlango. Binti yake alikuwa ameketi benchini karibu na msichana mwingine, ameinamisha kichwa, anachezesha miguu. Jina la Pipa lilikuwa limeshafika ulimini, nusu yake iko nje. Alilizuia. Katika mwezi mzima wa kujizuia, hilo ndilo lilikuwa tonge lake la kwanza kulikataa. Kisha akamwita kwa jina lake halisi, lile alilolichagua yeye mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa, na ambalo hakukumbuka mara ya mwisho kulitamka ilikuwa lini.

Binti aliinua kichwa, akamgeukia yule msichana wa pembeni yake.

"Unaitwa," akamwambia.