Mlango wa Nyuma wa Kina Bhoke

Mwalimu Justa alikuwa jikoni akichambua mchicha pale mwanamume mwenye sauti ngeni aliposalimia watoto ndani ya kompyuta yake.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, juu ya meza, na sauti alikuwa ameiacha ndogo, imsindikize tu kwenye kazi. Ilikuwa Alhamisi ya likizo ya Juni, saa tisa na nusu alasiri, na wanafunzi wake kumi na mmoja walikuwa kwenye seva. Seva hiyo aliianzisha mwenyewe. Ukifundisha jiografia Nyansurura, kwenye shule yenye ramani moja iliyotafunwa na panya, unajifunza kutafuta njia. Justa aliuchukua ule mchezo wa kujenga ambao watoto walishauzoea kwenye simu za kaka zao, akawafungulia ulimwengu wa peke yao, akawaambia: jengeni kata yetu. Kila mtu ajenge kwao. Pimeni kwa hatua, nyumba kwa nyumba, zizi kwa zizi, na nisije nikakuta mtu amejipa ghorofa.

Wakajenga, tena wakajenga kweli. Bhoke wa kidato cha pili, binti wa mzee Nashoni, alipanga uzio wa zizi lao jiwe kwa jiwe. Aliweka hata ule mlango wa nyuma wa kupitishia ndama, mlango uliozibwa kwa miiba ambao mgeni angeweza kukaa kwao mwaka mzima asiuone. Justa alimpa alama tisini na tano.

Tatizo lilikuwa midomo. Ndani ya mchezo ule watu huongea na kusikiana kama uwanjani: ukimsogelea mwenzako unamsikia vizuri, ukienda mbali anafifia. Wiki ya kwanza yalimwagika matusi ambayo Justa, Mhaya wa Bukoba, alilazimika kuulizia maana yake. Ndipo akaandika sheria, akaibandika kwenye mlango wa ofisi ya walimu, chini ya anwani ya seva na neno la siri: Humu ni kama nyumbani. Mkubwa akiingia, simama, msalimie, jibu anachouliza. Walimu wenzake walimcheka. Mlinzi wa shule, mzee Werema, aliisoma taratibu mpaka mwisho, akasema mwalimu huyu sasa amekuwa mtu wa huku. Justa aliifurahia sifa hiyo wiki nzima.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

"Hamjambo, watoto," ilisema sauti ndani ya kompyuta. Ilikuwa nzito na imefifia, utadhani mtu ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Shikamoo!" Watoto waliitikia kwa pamoja. Justa, kiganja kimejaa mchicha, alitabasamu. Alifikiri ni mzazi.

"Marahaba. Mji huu mzuri, na zizi lake, ni wa nani?"

"Ni wa kwetu, mzee. Mimi ni Bhoke wa Nashoni."

"Ahaa, Nashoni! Tata wako hajambo?"

"Hajambo. Wako makambini Busawe, kwenye mahubiri, wote, mpaka Sabato."

"Mungu awabariki. Wewe umebaki na nani?"

"Na bibi. Miguu inamsumbua, hatembei."

"Pole yake. Na ng'ombe, ni wazima?"

Swali hilo huku halishangazi mtu. Ng'ombe huulizwa hali kama watoto wanavyoulizwa, na mwenye adabu hujibu.

"Wazima, mzee, wote thelathini na wawili. Kaka Simon amewarudisha mapema leo akakimbilia Busawe, kwaya yao inaimba."

"Vizuri. Mbwa sijamwona."

"Alikufa juzi."

"Aisee, pole. Na huu mlango wa nyuma, binti, uko kweli au umejipambia tu?"

"Uko kweli, mzee. Madam alisema tusidanganye."

Mchicha ulimponyoka Justa. Miaka minne ya kuishi huku ilikuwa imemtosha kujua kwamba hakuna mtu wa kheri anayeulizia baba, ng'ombe, mbwa na mlango wa nyuma kwa pumzi moja. Mwaka uliopita, upande wa Nyambureti, wezi waliingia zizini jua bado liko juu. Mama mmoja mzee alitoka kuuliza ni nani, wakamkata panga pale pale mlangoni. Justa alikwenda kwenye mazishi yake. Na sasa kulikuwa na bibi mwingine asiyeweza kutembea, na msichana wa miaka kumi na mitano aliyefundishwa na Justa mwenyewe kumjibu mkubwa kila anachouliza.

Alikimbilia sebuleni. Kwenye kioo, watoto walikuwa wamesimama mstari mmoja mbele ya zizi, heshima tupu, na katikati yao mtu wa matofali mwenye jina la Mgeni. Alinyoosha kidole aizime seva, kidole kikasita. Akiizima, atampataje Bhoke? Namba ya simu ya yule mtoto Justa hakuwa nayo. Kuandika hakufai, maandishi yanaonwa na wote. Akiongea, Mgeni atasikia, atajua ameshtukiwa, na huenda watu wake wako karibu na mji ule kuliko msaada wowote.

Alimpigia Nashoni. Imezimwa. Akampigia mwenyekiti wa kitongoji. Imezimwa pia. Walikuwa makambini, wanasikiliza neno. Justa aliogopa sasa, waziwazi.

Hapo ndipo mashine ya Baltazar ilipowaka.

Mashine ile ya kusaga ilikuwa mita mia kutoka nyumbani kwake, na ilijulikana kwa kikohozi: hukohoa mara mbili, ikanyamaza, kisha ikashika. Justa aliisikia dirishani. Ikakohoa mara mbili. Sekunde moja baadaye, ndani ya kompyuta, nyuma ya sauti ya yule mwanamume, mashine ileile ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, ikashika.

Alikuwa hapa. Hapa Nyansurura, kwenye senta ya maduka, mita mia kutoka kwenye mchicha wake.

Sijui ni ujasiri au ni kuchanganyikiwa. Mwenyewe hadi leo hasemi. Alifungua seva kwenye simu, akazima maiki, akachomeka kisikilizio sikio moja, akatoka na kandambili. Barabarani alikutana na mama Lilian, mwuza dagaa, na ndoo yake kichwani.

"Mwalimu, za saa hizi?"

"Salama tu," alijibu Justa, na papo hapo kisikilizio kikamnong'oneza: Mwalimu, za saa hizi? Salama tu.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa imepita kwenye simu ya yule mtu. Alikuwa karibu kiasi cha kumsikia akijibu salamu, na bila shaka alikuwa anamwona. Justa alijilazimisha kutembea kama mtu aendaye dukani. Kwenye baraza la mashine palikuwa na wanawake wawili wenye mahindi, na Baltazar mweupe kwa unga. Nyuma yao, kwenye benchi la ukutani, alikuwa ameketi mzee Werema, mlinzi wa shule, na kofia yake ya sufi.

Ah, Justa alishusha pumzi! Katika watu wote, Mungu amemletea Werema, mtu mwenye rungu, mtu anayemjua kila kijana wa kata hii kwa jina la ukoo. Alikaribia kulia kwa shukrani. Akaongeza hatua, akainua mkono.

"Mzee Werema!"

Mzee Werema! kikasema kisikilizio.

Justa alisimama. Werema aliinua uso. Leso ilikuwa imekunjwa kiganjani, na ndani ya leso, simu. Walitazamana. Mwezi wa tatu, kwenye ngazi za ofisi, Justa mwenyewe ndiye aliyemwonyesha pa kubonyeza ili aingie, jinsi ya kutembea, jinsi ya kuongea. Alikuwa amefurahi sana siku ile kumpata mzee anayependa teknolojia.

Angeweza kukimbia. Alitamani kukimbia. Lakini akili ilimpa wazo moja, tena bovu: amfanye Bhoke aonekane hayuko peke yake. Aliwasha maiki, akaleta simu mdomoni, macho yakiwa bado kwa Werema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Bhoke. Ni madam. Hapo nyumbani mko wangapi?"

Alimwomba Mungu mtoto yule adanganye, kwa mara moja tu maishani mwake. Aseme wako sita, aseme wapo wajomba.

"Tuko watatu, madam," alisema Bhoke, mkweli wa watu. "Mimi, bibi, na Nyangi wa mzee Werema. Amefika sasa hivi, ananisuka."

Werema aliinuka kwenye benchi. Leso ilianguka chini.

"Nyangi?" Justa alilisikia jina hilo mara mbili, barazani na sikioni. "Nyangi, si uko makambini na mama yako?"

Ikaja sauti ndogo, ya binti aliyekamatwa na baba yake kwenye kosa.

"Shikamoo tata. Nimetoroka mahubiri."

Marahaba haikuja. Justa hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mwoga alikuwa yeye dakika moja iliyopita; sasa hofu yote ilihamia kwa mtu mwingine, nzima nzima. Werema aliitoa simu ya pili mfukoni, ile ya tochi, akapiga. Akapiga tena. Akapiga namba nyingine.

"Wamezima," alisema, na alimwambia Justa, kana kwamba wako upande mmoja. "Mwalimu, wamezima. Niliwaambia mwenyewe wazime."

"Wako wapi?"

"Walikuwa kwenye korongo. Nimewatumia ujumbe wa kwenda, kabla hujafika. Hawamjui Nyangi. Ni watu wawili, wametoka mbali, hawamjui."

Justa alimshika shati kifuani, yeye mwanamke mfupi wa Bukoba mwenye kandambili, akamtikisa. "Basi ongea! Wakubwa si wanajibiwa humu? Ongea naye!"

Na Werema aliongea. Aliiweka simu mdomoni kwa mikono miwili, na sauti yake haikuwa na leso tena, ilikuwa sauti ambayo kila mwanafunzi wa shule ile aliisikia getini kila asubuhi.

"Nyangi, sikiliza. Mbebeni bibi. Sasa hivi. Msipite nyuma, mmesikia? Tokeni kwa mlango wa mbele, mwingie kwenye mihogo, mlale chini. Wanakuja kwa nyuma. Bhoke, na wewe, mwanangu, fanya haraka, wanakuja kwa ule mlango wa nyuma."

Watoto kumi wengine walikuwa wamesimama mstarini, na wote walisikia.

"Nyie wengine," alipaza Justa, "wekeni simu chini! Tokeni nje, kila mtu kwao, mpige yowe!"

Kwenye kioo cha simu yake, wale watu wa matofali waliganda kila mmoja alipo. Muda kidogo ukapita. Kisha, si kwenye kisikilizio, bali kwa masikio yake, Justa alisikia yowe la kwanza likitoka ng'ambo ya mto. Likaitikiwa na la pili juu ya kilima. Baltazar aliizima mashine yake, akatega sikio, akachukua panga nyuma ya mlango na kuruka kwenye pikipiki. Wale wanawake waliacha mahindi, nao wakapiga yowe kwa mikono midomoni, na vijana wakaanza kutoka kwenye vibanda wakiuliza ni wapi, ni wapi.

"Kwa Nashoni!" alisema Justa. Pikipiki nne zikaondoka.

Werema hakuondoka. Alikaa chini kwenye vumbi la unga, simu sikioni. Justa alikaa karibu naye, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukaa mbali. Walisikiliza. Bibi alilalamika kwamba wanamvuta mkono, akadai khanga yake. Mtu alihema. Majani ya mihogo yalikwaruza kwenye simu. Kisha, kwa mbali, miiba ikaburutwa, ng'ombe mmoja akalia, na sauti za wanaume zikaulizana kitu kwa haraka. Yowe lilikuwa limefika huko pia, lilisikika kutoka pande zote. Mmoja akatukana. Hatua zikakimbia, zikafifia kuelekea korongoni.

Zikabaki pumzi za wasichana wawili tu. Baadaye zikasikika pikipiki, na Baltazar akiita Bhoke kwa jina, na Bhoke akiitikia kwa kilio.

Justa aliweka kichwa kwenye magoti akalia naye.

Nyangi hakulia. Alikuwa bado ameishika simu ya Bhoke, na aliisogeza karibu na mdomo, asisikiwe na waliofika.

"Tata," alinong'ona. "Umejuaje watapita nyuma?"