Maji ya Dobi

Siku ya nne baada ya kutolewa mpira wa mkojo, dobi alikuwa akipiga pasi shati jeupe la karani wa mahakama alipopiga chafya. Suruali ikalowa hadi gotini. Wakati huohuo bomba la uani, ambalo lilikuwa halijatoa tone kwa miaka sita, likakohoa mara mbili na kutoa maji safi. Mkewe alikuwa akianua nguo. Akatega ndoo. Ilipofika nusu, maji yakakatika.

"Kabadili," akamwambia mumewe. "Hiyo niloweke."

Daktari aliyemtoa tezi dume alikuwa amemwonya kwamba mkojo utamtoka ovyo kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kuhusu bomba hakusema kitu. Dobi hakumlaumu, daktari ni wa tezi, si wa mabomba.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulishajua, maana kila nyumba bomba lilifunguka pamoja naye. Akiinua pasi, kikombe. Akicheka, ndoo. Akinyanyuka kitini ghafla, watu watatu waliweza kuoga. Ila ilikuwa lazima mkojo uishie nguoni. Akiwahi choo, mabomba yalibaki makavu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi, akawa anakuja kila alasiri kumpigia visa vya kuchekesha, na nje ndoo zimeshapangwa.

"Leo ninacho cha fundi viatu na mteja wa mguu mmoja," alisema. "Mwambieni mama wa mapacha alete na pipa."

Jirani mmoja alileta pilipili manga ya kunusa, imefungwa vizuri kwenye karatasi.

Walikuwa na adabu. Hakuna aliyemsimanga. Walimwita Baba Maji, naye aliitika. Lakini mtu huyu, ambaye hajawahi kumrudishia mteja nguo yenye doa, sasa alilala sakafuni, mkeka juu ya nailoni, na mkewe alilala kitandani peke yake akiisikia ile nailoni kila mumewe alipojigeuza.

Muuguzi wa kliniki alimfundisha mazoezi. "Bana kama umeshikwa na haja na choo kiko mbali. Hesabu hadi kumi, kisha achia. Usikaze tumbo, wala usizuie pumzi."

Dobi alibana akinyoosha kola, akaachia alipofika kwenye mikono ya shati. Shemeji akaiona midomo yake ikihesabu.

"Shemeji, unataka kutuua kwa kiu?"

"Nataka kulala na dada yako."

Shemeji akaangalia pembeni. Siku hiyo alisimulia kisa kifupi.

Wiki ya sita alikuja afisa wa idara ya maji. Mtaa ule ulikuwa kwenye orodha ya mitaa ya kuchimbwa na kuwekewa mabomba mapya. Alifungua bomba la uani wakati shemeji amefika penye utamu, akaona maji, akaufuta mtaa kwenye orodha. Dobi akatoka nje, nepi imemlemea.

"Bwana, maji haya yanatoka kwangu."

Afisa akamtazama kiunoni. "Kwa siku unatoa kiasi gani?"

"Inategemea na kicheko."

"Nitaandika wastani," afisa akasema. Kwenye fomu, penye neno *chanzo*, akaandika: dobi.

Mwishoni mwa wiki ya kumi, dobi alipiga chafya tatu mfululizo. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akajipapasa. Kukavu. Akanyanyuka ghafla, akainama, akacheka mwenyewe bila kisa chochote. Kukavu. Mkewe akaweka ndoo chini, akaingia chumbani, akaukunja mkeka pamoja na nailoni, akavisukuma nyuma ya kabati.

"Karibu nyumbani," akasema.

Majirani walimpa hongera mmoja mmoja, kwa moyo mweupe, kisha wakaondoka na ndoo zao tupu. Afisa alipopata habari alileta barua. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Chanzo kilitakiwa kurejesha huduma ndani ya siku saba. Shemeji aliisoma kwa sauti mara mbili, na utani haukumjia.

Siku ya nane akaja mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mama mwenye mguu mbovu, ndoo mkononi. Hadi kijitoni, walikorudi kuteka maji, ni mwendo wa saa nzima.

"Baba, sikufichi," akasema. "Hata kidogo tu, Jumamosi kwa Jumamosi. Huwezi kujilegeza?"

Dobi alifikiri. Mwili ulikuwa wake tena. Kubana angeweza, na kuachia angeweza.

"Naweza, mwalimu. Ila sitaki."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi lisilomsaidia.

"Basi nipe hiyo ndoo," dobi akasema.

Akaichukua, akaongeza madumu mawili ya kwake, akashika njia pamoja na kina mama. Alitembea saa nzima bila kutafuta ukuta wa kujificha. Kijitoni walikuta foleni. Wakamwonyesha ilikoishia, naye akaenda kusimama hapo.