Radhi Iko Mtongwe

Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Na yaliharibika asubuhi kweupe, watu wameshakunywa chai zao, hakuna giza la kusingizia. Stambuli alikuwa amekaa barazani kwake Mtongwe akikata kucha za miguu, simu ikalia. Kuandika kwenye simu hakujui, lakini kusikiliza ujumbe wa sauti alikuwa amefundishwa na binti yake, Swabra. Akabonyeza. Sauti ilikuwa ya Mansur, mume wa Swabra, kutoka Maskati.

"Baba, shikamoo. Mama ametangulia. Sisi tutafuata Jumapili, inshallah. Tuombee."

Basi. Stambuli akaitikia marahaba kana kwamba simu inasikia, akaacha kucha za mguu wa kushoto vivyo hivyo, akaingia ndani kutafuta kanzu safi. Mkewe anakuja. Ndivyo walivyopatana: Tumu atangulie kwa ndege ya Alhamisi, Swabra na mumewe wafuate na watoto na mizigo. Neno lilikuwa lile lile la mapatano, na mtu akiletewa neno alilopatana hana haja ya kulipindua aone chini yake kuna nini.

Hiyo safari ya Maskati ilikuwa ya kutembea tu. Miezi mitatu. Swabra alisema wazazi wake wamechoka. Mama ameshinda jikoni maisha yake yote, na baba, aliyefunga kamba za feri tangu ujana, amekaa barazani kama gunia tangu wakubwa walipokifunga kivuko cha Mtongwe. Waje wapumzike. Wakaenda. Stambuli alipumzika mpaka mbavu zikamuuma. Huko hakuna baraza. Ukitoka kwa miguu, magari yanasimama, watu wanakuuliza umepatwa na nini. Samaki anafika nyumbani hana kichwa wala macho, na Tumu akisema, huyu samaki hatujajuana naye, tutamlaje? Walicheka sana, wawili wale, kwenye kile chumba chao chenye baridi ya mashine. Ilikuwa likizo nzuri, asikanushe mtu. Ni zile siku za mwisho ndizo zilizochafuliwa.

Wiki ya mwisho Tumu akawa hawezi. Miguu ilijaa, pumzi zikawa fupi, akilala lazima aegemezwe mito. Mansur na Swabra wakampeleka hospitali, Stambuli akaachwa na wajukuu, eti kule ndani haingii kila mtu. Waliporudi wakamwambia ni kifua, kina maji kidogo, amepewa dawa ya kuyatoa, ila daktari amekataza asipande ndege wiki hiyo. Swabra alisema maneno hayo amempa babake mgongo, akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Viza nazo zinakwisha. Mansur akaenda ofisini kwa wenyewe, akarudi na jibu: mama ataongezewa siku kwa kuwa ni mgonjwa, lakini baba hana sababu ya kubaki.

"Kuwa mumewe si sababu?" Stambuli akauliza.

"Baba, hao wakubwa wana mambo yao."

 Maneno hayo hayo Stambuli aliyasikia siku kivuko kilipofungwa.

Ikakatwa shauri kwamba yeye aondoke Jumapili, Tumu akae apate nafuu, kisha Alhamisi atangulie mbele ya wenzake. Mansur akasema tikiti ya Alhamisi iko tayari. Alisema iko tayari, mara mbili, bila kuulizwa.

Jumamosi alasiri Stambuli alikuwa akipanga mzigo wake, na Tumu kitandani ameegemea mito yake akitoa amri. Halwa ya Kache, jirani, ikae katikati isibonyee. Kikoi cha Mwidani, mdogo wake Stambuli, kikae juu. Kanzu usiikunje hivyo, bwana, hiyo si kamba ya feri. Stambuli alifuata kila neno. Mwisho aliangalia sanduku limejaa, akaona hamna hata leso moja ya mkewe.

"Na zako wewe?"

"Zangu zitakuja na mimi." Akavuta pumzi. "Baba Swabra."

"Naam."

"Nataka radhi."

Kwetu pwani mtu haendi safari bila kutaka radhi, na radhi ya mume kwa mkewe ni jambo zito, ijapokuwa kuitamka ni jambo jepesi. Unasema niko radhi nawe, dunia na akhera, imekwisha, unaendelea kufunga sanduku. Lakini Stambuli alishangaa. Anayesafiri ni yeye. Anayebaki ndiye anayetaka radhi? Akaona huyu mwanamke anataka kumliza, na yeye hakutaka kulia mbele ya wajukuu. Na tena likamjia wazo la mzaha. Kuna watu humfichia mgeni kiatu kimoja ili asiondoke. Yeye atamfichia Tumu radhi ili arudi.

"Radhi yako iko Mtongwe," akamwambia. "Ifuate."

Tumu alicheka mpaka akakohoa. "Una inda wewe mzee. Haya, tangulia. Mimi niko nyuma yako."

Ndiyo maana Alhamisi ile Stambuli alikuwa na haraka. Alikuwa na kitu cha watu mkononi, anataka kukirudisha kwa mwenyewe.

Alikwenda kwanza msikitini kuazima kile kiti cha magurudumu walichonunua waumini kwa ajili ya wazee. Tumu hawezi kutembea ule mwendo wa kutoka kwenye ndege. Akamkuta Mwidani amekaa kwenye ngazi na mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na mtu wa tatu, Ronny, jirani mwenye teksi, mtu wa bara aliyehamia Likoni zamani, amesimama pembeni akichezea funguo. Alipotokea wakakatiza mazungumzo.

Akawaeleza anataka kiti. Mwidani akauliza cha nini.

"Cha shemeji yako. Ametangulia. Anafika leo."

"Nani kakwambia?"

"Mansur. Kanitumia sauti."

Mwidani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama viatu vya watu vilivyopangwa mlangoni. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, maana Mwidani alikuwa anajua. Alipigiwa simu na Mansur baada ya sala ya alfajiri: Tumu amefariki usiku, moyo umesimama, atazikwa baada ya sala ya adhuhuri, tafadhali mwambie baba kwa upole. Mwidani akaona ulimi hauinuki. Akampelekea mwenyekiti habari. Mwenyekiti akasema habari kama hii si ya kutolewa na yeyote tu, apigiwe Maalim, imamu wa msikiti. Maalim alikuwa mbali, mtaa wa Junda, kwenye maulidi ya madrasa, akasema mngojeni, atakuja mwenyewe alasiri, mtu asimwambie chochote, mzee ana presha. Na Mansur kule Maskati, akidhani mkwewe ameshaambiwa, ndipo akatuma ile sauti yake ya kumaliza.

Kwa hiyo mbele ya ngazi ile walikuwepo watu wazima watatu, kila mmoja analo neno mdomoni, na kila mmoja anangoja mkubwa wake.

"Mpeni kiti," mwenyekiti akasema.

Wakampa. Mwidani mwenyewe alikikunja, akakiingiza kwenye buti la gari la Ronny, na Stambuli akamshukuru. Kache alikuwa amekuja mpaka barabarani. Machozi yalikuwa yakimtoka, na Stambuli akamtania kwamba halwa si aliipata tangu Jumatatu, sasa analilia nini tena. Kache akajifunika uso kwa leso.

Ronny alipitia barabara mpya ya Dongo Kundu, isiyo na haja ya feri, akatokea upande wa Miritini na kurudi Changamwe hadi uwanja wa ndege. Siku zote Ronny ni mtu wa domo, siasa na mpira. Siku hiyo alizima redio, akaendesha taratibu mpaka malori yakampigia honi. Stambuli alimwambia kwa mwendo huo Tumu atafika Mtongwe kabla yao.

"Ni sawa tu, mzee," Ronny akajibu. "Hakuna haraka."

Walipofika askari wa uwanja akawazuia kusimama karibu na mlango. Wanaopokea wasimame nje ya uzio wa chuma, juani. Stambuli akamwonyesha kiti, akamweleza habari ya mgonjwa. Askari akasema amri imetoka juu. Basi akasimama juani, ameshika vishikio vya kiti kitupu. Ilipoadhiniwa adhuhuri alimwachia Ronny kiti, akaenda kusali, akamwombea mkewe afike salama. Maskati walikuwa mbele kwa saa moja. Wakati yeye anatawadha, wale walikuwa wameshamsalia Tumu na wako naye njiani kwenda makaburini. Simu yake ilikuwa mfukoni, inafanya kazi. Mtu angeipiga. Mtu angesema, Stambuli, sema neno lako, tunamsogezea simu.

Ndege ilikuja. Watu walitoka na masanduku yao yaliyofungwa karatasi za nailoni, wakakumbatiana, wakaondoka. Wakatoka wahudumu. Kisha mlango ukawa hautoi mtu. Stambuli alimwuliza dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni, naye akaangalia kwenye mashine yake akasema hakuna abiria wa jina hilo, leo wala kesho. Stambuli akamwambia aangalie tena, tikiti ilikuwa tayari tangu Jumamosi. Dada akaangalia tena, kwa heshima, akatikisa kichwa.

Njia nzima ya kurudi Stambuli alikuwa akimlaumu Mansur. Amekosea siku, au wamemchelewesha mama wa watu kwa kupenda kuzunguka madukani. Ronny anaitikia hmm, hmm.

Walipoingia mtaani Stambuli aliona turubai limefungwa kutoka paa lake hadi la Kache, majamvi yametandikwa, wanaume wamejaa. Moyo ukamlainika. Akajisemea, huyu Mwidani leo amekumbuka ana shemeji. Akashuka, akasukuma kiti mpaka mbele yao, akawatangazia akiwa karibu kuona haya:

"Mtanisamehe. Hakuja. Nafikiri ni kesho."

 Upande wa wanawake hakukuwa na kicheko wala chungu motoni, vichwa vimeinama. Maalim akainuka, akamshika bega, akamwambia, "Stambuli, keti." Na mahali pa kuketi palipokuwa karibu ni kile kiti. Akaketi kwenye kiti alichokwenda nacho kumpokea mkewe, na hapo ndipo akaambiwa.

Hakulia wakati ule. Aliuliza tu amezikwa saa ngapi. Walipomjibu akahesabu kwa vidole, akaelewa alikuwa wapi, akaelewa na wao walikuwa wapi. Walikuwa wanatandika majamvi.

Mwidani akapiga magoti mbele yake, akataka kumfariji. Akamwambia asione kama shemeji ameondoka vibaya. Mansur ameeleza kila kitu. Watu walikuwa wengi, na kabla hajashushwa iliulizwa kama mumewe yuko radhi naye, ikajibiwa yuko radhi.

Stambuli akainua kichwa. "Ikajibiwa na nani?"

Mwidani akageuka kumtazama Maalim.

Jumapili walikuja Swabra na Mansur. Swabra alimwangukia babake miguuni, akatoa yote. Daktari alikuwa amewaambia ni moyo, na kwamba hauna muda. Tikiti ya Alhamisi haikukatwa kamwe. Waliogopa presha yake, walitaka aende na furaha. Stambuli akamwuliza kama mama yake alijua. Swabra akasema hakuambiwa na mtu. Lakini aliyeomba radhi hali habanduki kitandani, na nguo zake hakuzitia sandukuni, huyo aliambiwa na nani? 

Na ile sauti iliyojibu kaburini? Swabra hakwenda makaburini, wanawake hawaendi. Mansur alisema aliyeuliza ni sheikh wa kule, yeye Mansur akashindwa kujibu kwa kilio, na jibu likatoka nyuma ya watu. Alidhani ni kakake. Kakake, alipopigiwa simu, alisema yeye alidhani ni Mansur.

Tangu siku hiyo Ronny peke yake ndiye aliyekuja kusema, mzee, niliambiwa ninyamaze na nikanyamaza, nisamehe. Akasamehewa hapo hapo. Wengine wamekuja na sukari, na mchele, na maneno ya Maalim. Kiti kilirudishwa msikitini.

Siku ya hitima, dua ilipokwisha na watu wanataka kuinuka, Stambuli alimwomba Maalim ruhusa ya kusema neno. Akasimama mbele ya Maalim, na mwenyekiti, na Mwidani, na mkwewe. Hakupandisha sauti. Akasema hana ugomvi na Mungu. Na radhi, wallahi, alikuwa nayo, imejaa tele, alikwenda nayo mpaka uwanja wa ndege wa Changamwe akarudi nayo. Ilikuwa ni yake kuitoa, nayo iko hapa bado, hakuna mtu aliyekuja kuichukua kwake. Basi yeye anauliza jambo moja tu, na wakubwa wote wako hapa.

"Aliyesema Stambuli yuko radhi, ni nani, na alitumwa na nani?"