Kiti cha Mbele

Usiku wa kuamkia jana, Subilaga Mwakatobe aliota kwamba kiti cha plastiki kimeingia zizini mwake wakati anakamua.

Kwanza ijulikane ni nani na alilala katika hali gani. Ni mwanamke wa Tukuyu, wa miaka hamsini na minane, muuza maziwa, mke wa mwalimu mstaafu aitwaye Anyosisye. Mwezi uliopita alimzika dada yake, Atupele, aliyekuwa mkubwa wao wote. Siku ya mazishi hakukaa hata kidogo. Alichochea moto, akateka maji, akaosha masufuria yaliyokwisha oshwa. Mchungaji alipomwomba mkubwa wa familia atupe udongo wa kwanza, watu wote walimgeukia yeye. Subilaga naye akageuka nyuma kuona wanamtazama nani.

Tangu hapo hakutulia. Alikula amesimama. Alipalilia migomba ambayo chini yake hapakuwa na jani la kung'oa. Mumewe akimwita waongee kidogo, alijibu kwamba anakuja, kisha akaenda kufagia uwanja. Hata kitandani alilala pembeni kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Basi, ndotoni kiti kimeingia. Ni chekundu, cha aina ile inayokodishwa misibani, na mguu wake mmoja umeungwa kwa waya. Kinajipangusa miguu mlangoni. Kinamsalimu ng'ombe, halafu kinamgeukia mwenye ng'ombe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Subilaga aliitikia marahaba, akaendelea kukamua, kisha akaona afadhali asahihishe.

"Mimi ni mama mdogo."

"Mdogo wa nani?"

"Wa Atupele."

"Atupele yuko wapi?"

Subilaga akatazama ndoo. Mikono yake ilikuwa imesimama, lakini maziwa yaliendelea kutoka.

Kiti hakikumharakisha. Kilieleza kwa adabu kwamba kimetumwa kumchukua. Nafasi yake ilikuwa wazi, na watu wengine hawangeweza kukaa mpaka yeye akae, kwa sababu safu huanzia mbele. Yeye akakiambia kisubiri kidogo apeleke maziwa sokoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Zizi lile halina mlango wa nyuma, ila siku hiyo lilikuwa nao.

Sokoni alimkuta mwanamke anayeuza maparachichi, amekaa katikati ya mafungu yake. Subilaga alimwomba amfiche kwa muda. Yule mwanamke alimwangalia toka juu hadi chini, kama anavyoangaliwa mtu anayepunguziwa bei.

"Umri wako umekwenda, mama."

"Umekwenda wapi?"

"Umepita hapa asubuhi. Ulikuwa na haraka, haukusalimia mtu."

Akamwonyesha kwa kidevu njia ya kwenda shuleni.

Subilaga anaukimbilia. Ndoo iko kichwani, maziwa yanamtiririka shingoni, na mashamba ya chai pande zote mbili yanainuka kidogo ili yaone vizuri. Kwa mbali mbele anauona mgongo wa umri wake: mfupi, umevaa sweta la kijani alilowahi kuwa nalo alipokuwa msichana. Anauita. Haugeuki. Nyuma yake kiti kinakuja kwa miguu minne, hakikimbii, wala hakiachwi.

Akaingia darasa la tatu akajibana kwenye dawati la mwisho, kati ya watoto wawili waliokuwa wakinyonya kalamu zao. Aliyekuwa akifundisha ni mizani, ile ya sahani mbili, imesimama juu ya meza ya mwalimu. Mizani ikamwambia, bila ukali wowote, kwamba darasa lile ni la watoto na yeye ameshakula chumvi nyingi. Subilaga alijitetea kwamba daktari alimkataza chumvi tangu mwaka juzi. Mizani ikasema daktari alichelewa.

Ndipo chumvi ikaanza kumwagika kutoka darini. Ilimwagika mpaka ikafika kwenye madirisha. Mizani ilimfafanulia kwamba hii hapa chini ni ya uji wa utotoni, ile pale ni ya ndizi za harusi yake, na hii ya juu ni ya wiki iliyopita, samaki wa Anyosisye, ambao walizidishwa chumvi. Watoto waliichora chumvi kwa vidole, wakaandika majina yao.

"Na iliyobaki ni kiasi gani?" Subilaga aliuliza.

"Mimi hupima iliyoliwa tu," mizani ikajibu, ikamgeukia mtoto aliyekuwa amenyoosha mkono.

Akapanda lile lundo kwa magoti mpaka dirishani, akaruka. Nje hapakuwa uwanja wa shule. Palikuwa nyumbani kwa Atupele, turubai limefungwa kama siku ile ya mazishi, na viti vimepangwa safu kwa safu. Ukoo wote ulikuwepo. Ambakisye, mdogo wake wa kiume anayemfuata kwa kuzaliwa, alisimama safu ya pili, ameegemea fimbo. Nyuma yake alikuwa Tumpale, binti wa marehemu, amembeba mwanawe, na nyuma zaidi wajukuu wanasukumana. Kila mmoja alisimama kando ya kiti chake. Hakuna aliyekaa. Ambakisye alimwambia dada yake kwamba wanamsubiri tangu mazishi na kwamba miguu inamuuma, lakini hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa habari za shamba.

Kiti chekundu kilikuwa kimeshafika. Kilikuwa peke yake, mbele ya wote. Mbele yake hapakuwa na kaburi, wala migomba, wala ua. Palikuwa na weupe tu, kama ukungu wa Tukuyu mwezi wa sita.

"Mbele yangu anakaa nani?"

"Hakuna," kiti kikasema.

"Na mvua ikija?"

"Inaanza na wewe."

Na mvua inakuja. Inakuja kwa miguu, kama zijavyo mvua za kwao. Unaisikia ikikanyaga majani kabla haijakufikia. Subilaga anatazama kushoto. Jiko liko pale pale, moshi unatoka, na mlangoni kuna sufuria chafu inayomngojea. Hatua chache tu. Anatazama nyuma. Ambakisye amefumba macho. Tumpale amemfunika mtoto kichwani kwa kiganja, kiganja kimoja, kana kwamba kinatosha.

Subilaga alisimama hivyo kwa muda mrefu, ndoo bado kichwani. Halafu akaitua, akakusanya kitenge chake, akakaa.

Kiti kililalamika kidogo chini yake, kwenye ule mguu wa waya. Nyuma akasikia viti vingine vikikaliwa, safu baada ya safu, mpaka kile kidogo cha mwisho kabisa. Mvua ikampiga usoni na kifuani. Ilikuwa baridi kuliko alivyotarajia, na haikuwa na uchungu aliotarajia. Ambakisye hakulowa, maana mabega ya dada yake ni mapana.

Maji yalimwingia machoni. Alipoyapangusa alijikuta jikoni kwa mama yao, jiko lililobomolewa miaka mingi, na Atupele amekaa kwenye kigoda akimenya maharage mabichi. Atupele hakushangaa kumwona. Alimsogezea ungo, akamwambia amechelewa.

Wakamenya. Atupele aliuliza habari za ng'ombe na za presha ya Anyosisye. Alinung'unika kwamba kitenge walichomzikia kilikuwa kipya mno, bora angepewa Tumpale. Subilaga alimwacha amalize.

"Dada, uliogopa?"

Atupele alichukua ganda jingine, akalipasua kwa kidole gumba.

"Mama alipokufa mkanigeukia wote, nilikwenda kujifungia chooni. Mlidhani ni tumbo."

"Ukakaa huko?"

"Mtu akabisha hodi. Ulikuwa wewe. Ulitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi. Nikatoka, nikakuonyesha."

Subilaga alimenya maharage kadhaa bila kuyaona.

"Sasa mimi nitamwuliza nani?"

"Hutauliza," Atupele akasema. "Utaulizwa. Menya, jua linakwenda."

Akamenya. Walifanya kazi hiyo bila maneno, magoti yao yakigusana, mpaka ungo ukajaa.

Alipoamka kulikuwa kumepambazuka, na Anyosisye alikuwa nje akiwasha moto. Subilaga akaketi kitandani. Kisha akaona kitu kwenye mkono wa kushoto. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na uzi wa kijani, mwembamba, wenye unyevu, kama ule unaotoka kwenye ganda la maharage.

Alimwuliza mumewe kupitia dirishani kama jana alileta maharage mabichi. Anyosisye alijibu kwamba ya mwaka huu hayajatoa hata maua, na akauliza kulikoni.

Subilaga akasema hakuna kitu. Akatoka nje, akanawa mkono wa kulia tu.